Fedora yako haikupungulia dukani, ilipungulia kwenye beseni

Kila msimu wa mvua tunaletewa dukani kwetu lalamiko lile lile, kwamba kofia tuliyouza ni mbovu, na safari hii mteja amelitoa kwa uchungu kweli. Kofia aliyoinunua saizi 58 haimwingii tena, ukingo umejikunja kama jani lililopigwa jua, na tulipomtajia bei ya kuirudisha kwenye umbo lake akaona tunataka kumla mara mbili kwa kazi ya "mvuke kidogo tu". Kuuliza ni haki yake. Lakini kofia ile tumeipima: mkanda wa jasho, ule wa ngozi ulioshonwa ndani, sasa ni sentimita 55, na chini ya utepe, pale unapokutana na ukingo, mna chembe za sabuni ya unga zilizokauka. Kofia ilifuliwa. Na fedora ya felti haifuliwi.

Mtindo huu, ule aliouvaa mwigizaji wa filamu Humphrey Bogart alipoigiza mpelelezi Sam Spade mwaka 1941, una kichwa kirefu chenye bonde juu, mabonyeo mawili mbele na ukingo wa sentimita sita hivi unaoshuka usoni. Wengi hudhani umeshonwa kwa kitambaa kizito. Felti haikufumwa wala haina uzi. Ni manyoya matupu, ya kondoo kwenye kofia za bei ya chini, ya sungura au ya biva (mnyama wa mtoni) kwenye zile za bei ya juu, yaliyoshikana kwa joto, maji na kusuguliwa. Kila unywele una magamba madogo yaliyolala upande mmoja kama vigae vya paa. Ukilowa, ukipata joto na kusuguliwa, unatambaa kuelekea upande wake wa shina na magamba hayauruhusu kurudi. Kiwandani kofia huanza ikiwa koni kubwa iliyolegea, nayo hupunguzwa makusudi hadi unene unaotakiwa, halafu kazi inasimamishwa. Ukiitia kwenye maji ya moto na sabuni ukaisugua, unaiendeleza kazi ya kiwanda pale ilipoachwa.

Hilo ni la felti peke yake. Ndani kuna mkanda wa ngozi ulioshonwa kuzunguka shingo ya kofia. Ngozi ikilowa hadi ndani kisha ikaukia juani husinyaa kuliko felti, na kwa kuwa imeshikwa na uzi, inavuta felti pamoja nayo. Ndiyo maana ukingo unapanda na kushuka kama mawimbi: shingo imekuwa ndogo, ukingo umebaki na upana wake, hauna pa kwenda. Tena ukingo huo mara nyingi umetiwa shelaki au gundi nyingine ya kukazia. Ikiyeyuka, inakauka kwa mabaka, sehemu ngumu kama kadibodi na sehemu laini kama tambara.

Mvua yenyewe haiui kofia. Inayoiua ni haraka ya kuikausha. Ikilowa, ikung'ute, pindua mkanda wa jasho utoke nje, isimamishe juu ya mkanda huo ili ukingo usiguse meza, uiache kivulini siku nzima au mbili. Usiiweke karibu na jiko, usitumie mashine ya kukaushia nywele, wala usiiache nyuma ya kioo cha gari. Gari lililofungwa juani linasinyaza mkanda wa ngozi hata kama kofia haijaona tone la maji.

Sasa bei. Utepe unafumuliwa kwanza, kisha mkanda wa jasho, tundu kwa tundu, kwa kuwa ukiuvuta matundu ya zamani yanachanika na mkanda hautumiki tena. Bitana inatolewa. Felti inapigwa brashi, inasafishwa kwa kiyeyusho kisicho na maji, nje kwenye hewa kwa sababu kinashika moto, halafu inapewa mvuke hadi ilainike na kuvutwa juu ya kalibu ya mbao ya saizi yako. Kamba inafungwa kuzunguka kichwa cha kofia na kusukumwa chini kidogo kidogo hadi kwenye ukingo. Ukiishusha kwa nguvu upande mmoja, felti inakuwa nyembamba hapo na siku moja itatoboka. Inalala kwenye kalibu saa 24 angalau. Ikishakauka inapitishwa msasa laini, namba 400 kisha 600, ukingo unapigwa pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, mkanda unarudishwa, utepe unashonwa kwa mkono ili uzi usionekane, na mwisho bonde na mabonyeo yanaundwa upya kwa mvuke na vidole. Unaposema "mvuke kidogo tu", hizo ndizo kazi unazoomba zifanyike bure.

Na bado hatuahidi kila kitu. Felti ya sungura iliyopungua sentimita moja hurudi vizuri. Felti ya sufu ya kondoo ikivutwa kiasi hicho mara nyingi husinyaa tena ikipata unyevu. Kwa ile kofia ya 55 tumemwambia mwenyewe wazi: 57 tutajaribu kufika, 58 hapana.

Ufa kwenye mabonyeo ya mbele ni kosa jingine linalotajwa kama ubovu wa bidhaa. Kofia ya mtumba ikifika imepasuka hapo, aliyekuwa nayo aliivua kila siku kwa kuibana kwa vidole viwili kama anavyofanya mwigizaji. Ivue kwa ukingo, mkono mmoja mbele na mmoja nyuma. Ukiiweka mezani, ilalie kichwa chake, ukingo ukiwa juu.

Vumbi linatolewa kwa brashi ya manyoya laini, kinyume cha mwendo wa saa, ndiko vinyweleo vilikolazwa. Uwe na brashi mbili, ya kofia nyeusi na ya kofia nyeupe. Doa bichi la mafuta lifunike kwa wanga wa mahindi saa kadhaa, kisha ulipige brashi. Doa la jasho lililopenya hadi nje kwenye utepe usiliguse kwa kitambaa cha maji, maana chumvi itasambaa na kuacha duara kubwa kuliko la kwanza. Hilo lilete.

Kabla ya kuagiza, pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya paji la uso na sentimita moja juu ya masikio, mara tatu, uchukue kipimo kikubwa. Ukiangukia kati ya saizi mbili, chukua ya juu. Nafasi tunaipunguza kwa ukanda wa sponji nyuma ya mkanda wa jasho, kazi ya dakika tano, na hiyo hatutozi.