Dereva aliyesema "nimeigusa ndege" asikatwe mshahara

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita tulikwama kwa saa nne kwenye uwanja mmoja wa ndege wa mikoani, tukisubiri kurudi Dar es Salaam. Ndege yetu ilikuwa imeshafika na abiria wake wameshuka, tunaiona pale nje kupitia kioo. Mara tukatangaziwa kwamba gari la ngazi limeigusa karibu na mlango, hivyo haitaruka mpaka mhandisi aikague. Makelele yaliyofuata si ya kusimulia. "Mkwaruzo tu huo!" alifoka mzee mmoja aliyekuwa akiwahi msiba, na sikumlaumu. Mwingine akataka dereva afukuzwe kazi leo leo.

Mimi nilinyamaza, na kunyamaza huko kumenisumbua mpaka nikaona nikuandikie. Nimeendesha magari ya kuhudumia ndege miaka kumi na mmoja. Nilimuuliza mhudumu mmoja pembeni ni nani aliyeona ngazi ikigusa. Akanijibu: hakuna, dereva mwenyewe ndiye aliyesema.

Ndege ikishasimama, magurudumu yakawekewa vigingi na taa nyekundu ikazimwa, magari huizunguka kama sisimizi: ngazi mlangoni, gari la mkanda wa mizigo tumboni, lori la chakula, la maji, la choo, bouza la mafuta. Kila moja lazima lisogee karibu kabisa, na yote hayo mara nyingi kwa muda usiofika saa moja, iwe mvua au usiku wa manane. Tena ndege yenyewe haitulii. Mizigo na watu wakitoka inainuka, ikipakiwa inashuka, na mlango ulioachwa wazi juu ya ngazi unaweza kuikalia ngazi hiyo bila mtu kugusa usukani. Ripoti ya mwaka 2022 ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ilisema asilimia 40 ya matukio ya kuharibu ndege zikiwa chini husababishwa na magari ya mkanda, vipakiaji vya makontena, ngazi na madaraja ya kupandia abiria. Hasara ya mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa dola bilioni 5.

Fedha ni jambo la wenye mashirika. Abiria waliokuwa wakipiga kelele ningependa wasikie habari ya Seattle, Marekani. Desemba 26, 2005, ndege aina ya MD-83 ya Alaska Airlines iliondoka huko kwenda Burbank, California. Kabla haijaondoka, mfanyakazi wa mizigo alikuwa ameigonga ubavuni kwa gari, akaona ni jambo dogo, akanyamaza. Ndege ilipofika kama futi 26,000 angani, pale palipobonyea pakapasuka tundu la sentimeta 30 kwa 15. Hewa ya ndani ikatoka kwa kishindo, barakoa za oksijeni zikaning'inia, marubani wakaishusha haraka na kurudi Seattle. Watu walinusurika. Yule mfanyakazi alikuja kusema baadaye, wakati tundu lilikwisha kusema kabla yake.

Sababu yake haihitaji shule kubwa. Ndani ya ndege hujazwa hewa ili tuweze kupumua kule juu, kwa hiyo bodi hutanuka kila safari na kunywea inapotua, kama mpira. Penye mkunjo ndipo panapochanika.

Ndege mpya zimeongeza mtihani mwingine. Boeing 787, ambazo Air Tanzania na Kenya Airways wanazirusha, bodi yake si ya bati bali ni matabaka ya nyuzi za kaboni. Ukiligonga bati linabonyea na kila mtu analiona. Kaboni yaweza kupokea pigo ikarudi mahali pake, rangi haijachubuka, kumbe ndani matabaka yameachana. Mhandisi ana vifaa vya kupima hilo, lakini atapima wapi kwenye ndege yenye urefu wa zaidi ya mita 56 asipoambiwa "ni hapa"?

Sasa nije kwenye kilichonifanya ninyamaze. Usiku mmoja gari langu la mkanda liliteleza kwenye maji, mpira wake wa mbele ukaigusa ndege. Hakuna aliyeona. Nilikaa kwenye usukani nikifikiria kodi ya nyumba na ada ya watoto, dakika tano nzima, kisha nikaenda kusema. Mhandisi akakagua, hakukuta kitu, ndege ikaondoka imechelewa dakika 50. Nikakatwa mshahara miezi mitatu. Ofisini kwetu ukutani palikuwa na bango kubwa la kututaka tutoe taarifa za ajali zote! Siku chache baadaye kijana mmoja wa zamu yetu aliniuliza, kwa heshima kabisa, "Kaka, kwa nini ulisema na hakuna aliyekuona?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Sisemi dereva asiguswe. Anayeendesha amelewa, au simu iko sikioni, au anafanya mashindano kwenye maegesho ya ndege, huyo aende nyumbani. Na anayegonga akaficha, huyo ndiye wa kufukuzwa hasa. Lakini aliyeteleza akasema palepale ameokoa watu. Magari yenye vihisi vya kujisimamisha yapo, na IATA yenyewe inasema yangepunguza gharama za uharibifu huu kwa asilimia 42, ila ni ghali. Kusimama mita chache kabla ya ndege ili kujaribu breki, na mtu mmoja kukuongoza kwa mkono, ni bure. Kutomkata mtu mshahara kwa kusema ukweli nako ni bure.

Ndege yetu iliruka saa mbili usiku. Yule mzee wa msiba alikaa kiti cha mbele yangu, akalala mpaka Dar. Dereva wa ngazi simjui jina wala sura. Namwomba mwajiri wake, mwisho wa mwezi huu, ampe mshahara wake kamili.

Dereva mstaafu wa gari la mkanda,
Tabata, Dar es Salaam