Si kelele, ni uzito wa mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja katika habari yenu ya juma lililopita kuhusu maporomoko ya theluji milimani. Mwandishi wenu alisema huenda marehemu walipiga kelele ndipo theluji ikawaangukia. Hapana. Sauti ya mtu haina ubavu huo. Katika ajali nyingi za vifo, anayeiangusha theluji ni marehemu mwenyewe au mwenzake, kwa uzito wa mwili tu.

Nimezunguka milima ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, misimu 9, na ipo siku moja isiyonitoka akilini. Kulikucha kweupe, jua, kimya. Taarifa ya asubuhi ya hatari ya maporomoko ilitaja daraja la 3 kati ya 5, nasi tukaridhika kwamba 3 ni katikati. (Wengi hujidanganya hivyo, na daraja hilo limeua watu wengi.) Tulichosahau ni upepo wa magharibi uliovuma usiku kucha na kurundika theluji upande wa mashariki, huko huko tulikotaka kushukia.

Tulipofika kwenye tambarare iliyo juu ya mteremko, theluji ikaguna chini yetu, mguno mzito wa tumboni, na nikahisi pote pameshuka kidogo. Ufa mwembamba kama uzi ukakimbia mbele ya skii zangu. Kwangu mimi hilo lilikuwa jibu tosha: tabaka dhaifu la chini limevunjika, tusishuke. Mwenzetu mmoja, mbishi wa kuzaliwa, akataka ushahidi.

Basi tukachimba shimo kando, kwenye kijiteremko kifupi kilichotazama mashariki vilevile. Nikakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 30 kila upande, nikalaza koleo juu yake na kuanza kugonga: mara 10 kwa kiganja, nikikunja kifundo cha mkono tu, kisha kuanzia kiwiko. Pigo la 12, kipande chote cha juu kikachomoka kama droo. Chini yake palikuwa na chembe kubwa kama chumvi ya mawe. Nilipozishika zilimwagika vidoleni, hakuna hata mbili zilizoshikana. Hiyo ni theluji ya mwanzo wa msimu, iliyokaa nyembamba kati ya ardhi yenye joto na baridi kali ya juu, ikaharibika kimyakimya na kufunikwa.

Mteremko tuliokuwa tukiutamani tuliupima: nyuzi 36. Maporomoko mengi ya namna hii, ambapo kipande kizima cha theluji huchomoka, hutokea kati ya nyuzi 30 na 45. Yule mbishi ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuza skii.

Kwa hiyo, Mhariri, mtakapoandika tena habari kama hii, waulizeni waokoaji mteremko ulikuwa na nyuzi ngapi, upepo ulitoka wapi siku mbili kabla, na taarifa ya asubuhi ilitaja daraja gani. Habari yenu haikuwa na hata moja kati ya hayo.

Msomaji wenu wa kila siku