Usikubali kulazwa kitandani kutwa, somo yangu

Tanga, Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Dada yako kanipigia jana. Kaniambia umerudi nyumbani, mshono umekauka, na hapo ndani hakuna anayekuruhusu hata kwenda uani peke yako. Nilicheka mpaka nikashika kifua. Nami walinifanya hivyohivyo. Mama alinipa kitanda chake, akashusha mapazia, na kila nikiinua kichwa: "Lala mwanangu, wewe umepasuliwa moyo."

Umepasuliwa, ndiyo. Lakini usikubali kulazwa kitandani kutwa.

Mimi pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, siku ya pili baada ya kubadilishwa valvu, yaani mlango wa moyo, mirija bado inaning'inia, alikuja kijana wa fiziotherapia, wale wa mazoezi ya viungo, akaniketisha kitini. Nilimchukia, Mungu anisamehe. Kesho yake akanitembeza mpaka mlangoni na kurudi, yeye kabeba machupa ya mirija, mimi nimekumbatia mto. Nikamuuliza, haraka ya nini? Akasema ukilala tu, mapafu huku chini hayafunguki vizuri, makohozi yanatuama, nimonia inapata pa kuingilia. Na damu ya miguuni ikizubaa inaganda. Kile kidude cha vipira vitatu cha kuvutia pumzi unacho bado? Usiwape watoto wakachezea.

Akanisimulia na kisa cha Dallas, Marekani. Mwaka 1966 madaktari waliwalaza vijana watano, wazima kabisa, kitandani kwa wiki 3. Walipowapima tena mwaka 1996, wakakuta zile wiki 3 za kulala ziliwashusha uwezo wa mwili kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Wale walikuwa wazima, somo. Msomee mama mkwe wako kipande hiki, kwa sauti.

Sasa utembee vipi? Mimi nilihesabu nguzo za umeme. Wiki ya kwanza nguzo mbili kwenda, mbili kurudi, kama dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Kila baada ya siku mbili tatu naongeza kidogo. Natoka saa kumi na mbili asubuhi jua halijachomoza, njia ya Raskazone kwa kuwa ni tambarare. Kipimo changu kilikuwa mdomo: nikiweza kusema na mtu huku natembea, mwendo ni sawa, maneno yakianza kukatika, napunguza. Zipo siku nilirudi nguzo ya kwanza nikaenda kulia chooni. Kulia kwenyewe kutakujia bila sababu, hasa usiku. Nesi aliniambia wengi hupita hapo.

Miguu iache ifanye kazi. Mikono ndiyo uifunge. Kidari walikipasua kwa msumeno wakakifunga kwa nyaya, na mfupa huo unataka wiki 6 hadi 12 kushikana. Kwa hiyo hakuna kukuna nazi, kutwanga kisamvu, kufua mashuka, wala kumbeba mjukuu. Ukiamka, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, ndipo uinuke. Usijisukume kwa viganja. Ukikohoa, kumbatia mto. Swala niliswali kwenye kiti, maana kusujudu na kuinuka ni kuegemea mikono. Na bodaboda usizipande kabisa, hasa kama nawe unameza warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda.

Nakuambia haya kwa kuwa mimi nilivunja sharti. Wiki ya nne maji yalitoka mchana, nyumbani hapana mtu, nikainua ndoo. Nusu tu! Nusu ya ndoo ya lita 20 ni kilo 10, na mimi waliniambia nisizidishe kilo 3. Nikasikia "ko" kifuani. Nilikaa palepale sakafuni mpaka mume wangu aliporudi. Kliniki wakanipiga picha, mfupa ulikuwa salama, ila daktari alinisema mbele ya wanafunzi wake.

Kwa hiyo mfupa ukigonga, mshono ukitoa usaha, homa ikikupanda, miguu ikivimba au mizani ikaruka kilo 2 kwa siku chache, usingoje tarehe ya kliniki. Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua njiani, keti hapohapo, yasipotulia, hospitali. Ndiyo maana siku za mwanzo utoke na mtu, hata kama ni yule mpwa wako msumbufu.

Valvu yangu ni ya chuma, usiku inalia tik tik kama saa ya ukutani. Mwanzo mume wangu alikuwa hapati usingizi. Siku hizi nikienda kulala kwa mama ananipigia, ati chumba kimya mno.

Kwenye nguzo ya kumi na nane kuna mama anachoma mihogo. Mimi nilimfikia wiki ya sita, nikanunua wa shilingi mia tano, nikaula nimesimama. Niandikie wewe umefika nguzo ya ngapi.

Ndimi somo yako