Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Natural England: Vibao vya Wistman's Wood Visimulie Pia

Mheshimiwa Mkuu,

Ninakuandikia kwa heshima, wewe unayeongoza shirika la serikali la kuhifadhi mazingira Uingereza, kuhusu Wistman's Wood, kijisitu cha mialoni kando ya mto West Dart, kwenye nyika ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wageni wanaombwa wakizunguke bila kuingia ndani, nami naunga mkono ombi hilo. Ninachoomba ni kwamba vibao vyenu vieleze sababu yake kwa ukamilifu, na masimulizi ya wenyeji yapewe nafasi humo.

Mialoni hiyo, iliyoota kwenye mwinuko wa takribani mita 400, imedumaa na kupindapinda kwa upepo, na imesalimika kwa kuwa ilichipua katikati ya majabali ya itale, mahali ambapo kondoo hafikishi mdomo. Matawi na mawe yamevikwa kuvumwani, kangaga na likeni (kuvu na mwani viishivyo pamoja kama kiumbe kimoja), ikiwemo ile adimu iliyo mfano wa nywele, Bryoria smithii. Viumbe hao hukua polepole mno, hata buti la mtu mmoja anayetafuta mahali pazuri pa kupigia picha laweza kubandua kwa dakika moja kilichojijenga kwa miaka mingi.

Kuhusu masimulizi, mna hazina. Inasemekana kwamba mbwa weusi wa kuzimu, Wisht Hounds, hulala humo mchana, na usiku hutoka na bwana wao kuwinda roho. Jirani na hapo hupita Lych Way, njia ambayo watu waliwabeba wafu wao hadi kanisa la Lydford, mpaka mwaka 1260 askofu alipowaruhusu baadhi yao wazike Widecombe. Hata kipiri, nyoka ambao kweli wapo Dartmoor, wametiwa chumvi na wasimuliaji. Sisi tuliokulia Pwani, karibu na makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, tunaijua kazi ya maneno kama hayo: miiko ya wazee imeulinda mti ambao shoka lilikuwa limeshautamani. (Sitarajii mtalii wa leo amwogope mbwa wa kuzimu, yatosha apunguze sauti.)

Jambo hili lina haraka yake, kwa sababu mwaka 2023 Duchy ya Cornwall, milki ya mrithi wa ufalme wa Uingereza na mmiliki wa ardhi hiyo, ilitangaza nia ya kuuongeza msitu huo maradufu ifikapo mwaka 2040. Miche ya upanuzi huo haitakuwa na majabali ya kuificha yote. Naomba vibao hivyo viwepo kabla haijaanza kuchomoza.

Wako mtiifu,
Mpenzi wa misitu kutoka Pwani ya Kenya