Yatima wa vijijini wasaidiwe vyeti mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie yatima wanaoomba mikopo ya elimu ya juu. Baada ya uhuru Serikali ilibeba gharama zote za chuo kikuu. Miaka ya 1990 ukaja uchangiaji, yaani wanafunzi na wazazi kulipa sehemu ya gharama, kisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mlengwa alikuwa mwanafunzi mhitaji, na kwa sisi wakulima wa tumbaku wa Tabora mlango huo ni mkubwa mno. Tangu 2023 umefunguliwa hata kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada.

Lakini yatima anayeomba mkopo hutakiwa kuambatisha cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo. Huku Sikonge na Uyui wazazi wengi wamezikwa bila kifo kuandikishwa popote. Hivyo mtoto aliyepungukiwa kuliko wote ndiye anayekosa karatasi ya kuthibitisha shida yake! Inauma.

Nawaomba wakuu wa shule na watendaji wa kata waanze kufuatilia vyeti hivyo mwanafunzi akiwa kidato cha tano, wasisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Halmashauri nazo ziwalipie nauli na ada wasio na mtu.

Mzazi,
Sikonge, Tabora