Kabla hujakaza tena: barua kuhusu jiko lako linalovuja

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa usumbufu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kilichonishtua si kwamba jiko lako la mafuta ya taa, lile la pampu, linavuja, bali maneno yako ya mwisho, kwamba kila likivuja unachukua spana na kukaza zaidi. Nakuomba spana hiyo uiweke chini, na jiko usiliwashe mpaka umalize kusoma haya.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliua jiko zuri kwa njia hiyo hiyo. Lilikuwa linatoa kamoto kadogo ka bluu chini ya kichomeo, pale kinapokaa juu ya bomba linalopanda kutoka kwenye tangi. Nikakaza. Kamoto kakafifia, kesho yake kakarudi. Nikakaza tena kwa nguvu zote, tangi nimelibana magotini, nikasikia mlio mdogo kama kijiti kikavu kinavunjika. Kichomeo hakikuwa kimezunguka. Lililozunguka ni bomba, na lehemu iliyolishika kwenye tangi ikapasuka. Kumbe kilichotakiwa ni kubadilisha kipete cha madini ya risasi, kidogo kama kifungo cha shati.

Tangu hapo nimetengeneza majiko kadhaa ya mafuta ya taa ya aina hii, na karibu kila mara shaba yenyewe ilikuwa nzima. Muundo ni ule ule alioutoa fundi Lindqvist kule Uswidi mwaka 1892: unajaza upepo kwa pampu, upepo unasukuma mafuta juu, mafuta yanageuka mvuke ndani ya kichomeo chenye moto. Kila mahali upepo au mafuta yangeweza kutoroka, paliwekwa kitu laini cha kuziba: ngozi, mpira, kizibo au risasi. Hivyo ndivyo vinavyozeeka. Basi swali la kujiuliza ni kitu laini kipi kimekwisha.

Anza hivi. Mwaga mafuta yote, futa jiko lote mpaka likauke kabisa. Mafuta ya taa hutambaa. Ukimwaga tone moja wakati wa kujaza, kesho utakuta tangi zima limelowa ukadhani limetoboka. Likishakauka, funga kila kitu kwa nguvu ya vidole tu na upige pampu mara kumi na tano hivi, bila mafuta, bila moto. Chovya brashi kwenye povu la sabuni, upake kwenye kifuniko, kwenye skrubu ya kutolea upepo, shina la bomba, mdomo wa pampu. Kwa kuwa njia ya nozeli, kile kipande chenye tundu dogo la kutolea mvuke kwenye kichomeo, iko wazi, upepo utatoka huko tu; kwa hiyo ni vizuri kutoa kichomeo na kuziba ncha ya bomba kwa kipande cha mpira ukikishikilia kwa kidole gumba. Sasa angalia kwa utulivu. Uvujaji mkubwa utauona mara moja. Ule mdogo huja kama punje nyeupe moja inayokua polepole pembeni ya uzi wa skrubu, na ukiwa na haraka utaikosa.

Uliandika kwamba mpini wa pampu unapanda wenyewe na mafuta yanachuruzika kwenye tundu lake. Hapo hata sabuni huhitaji, dalili hiyo inajieleza. Chini kabisa ya mrija wa pampu kuna vali inayoruhusu upepo kuingia kwenye tangi na kuuzuia usirudi. Ndani yake mna springi ndogo na kizibo kidogo kama punje ya dengu. Kizibo kikiwa kigumu au kimeliwa shimo katikati, mafuta yanarudi kwenye mrija, yanasukuma mti wa pampu juu, halafu yanatoka nje karibu kabisa na moto. Kati ya uvujaji wote, huu ndio ninaouogopa zaidi.

Vali hiyo hutolewa kwa ufunguo wake mrefu, usijaribu kwa bisibisi ya kubahatisha. Shaba ni laini. Ukishaharibu kichwa chake, umejifungia mlango. Ikikataa, dondoshea mafuta ya kulegezea kutu, acha usiku mzima, kisha simamisha tangi tupu kwenye maji ya moto na ujaribu tena. Ikitoka, ifungulie juu ya kitambaa cheupe, maana ile springi ikiruka hutaiona tena. Kizibo kipya kikate kutoka kwenye mpira usiodhurika na mafuta, yaani naitrili. Mpira wa ndani wa baiskeli utavimba, na baada ya muda mfupi utakuwa pale pale ulipoanzia. Kabla ya kurudisha, tazama ukingo wa shaba ambao kizibo hukalia. Ukiwa na uchafu, usafishe kwa kijiti cha mbao, usikwangue kwa chuma.

Ngozi ya pampu ni jambo jingine na jepesi. Ikikauka, pampu haina upinzani, basi. Iloweshe mafuta ya mashine usiku mmoja, ivute midomo kwa vidole ipanuke, irudishe mdomo ukielekea chini.

Kifuniko cha tangi nacho kina mpira wake ndani. Ubonyeze kwa ukucha: ukucha usipoacha alama, mpira umeshakuwa jiwe. Badilisha, tumia naitrili hapo pia.

Pale kwenye kichomeo mpira hauwezi kustahimili joto, ndiyo maana wakaweka risasi. Risasi hubonyea ikajaza kila mkwaruzo, lakini hubonyea mara moja tu. Ukifungua kichomeo, pete ya zamani itupe, weka mpya. Wakati wa kufunga, shika shina la bomba kwa spana ya pili ili nguvu isifike kwenye lehemu, na ukaze jiko likiwa baridi. Nozeli haina pete wala utepe wa mafundi bomba. Inaziba chuma kwa chuma. Ikitoa moto pembeni ya uzi wake, itoe, isafishe, irudishe. Na kama kichomeo chako kina kijiti cha kupunguzia moto, nati yake imejazwa grafiti, yale madini meusi ya penseli: izungushe robo tu, kisha ujaribu.

Sasa kuhusu ule moto mrefu wa njano ulioutaja. Huenda si uvujaji kabisa. Spiriti ya kupashia joto isipowaka ya kutosha kwenye kikombe kilicho chini ya kichomeo, kichomeo hakijapata joto, na mafuta yanatoka kwenye nozeli yakiwa bado majimaji, hayajawa mvuke. Jaza kikombe, ngoja spiriti ikaribie kwisha, ndipo upige pampu mara mbili tatu. Usitie petroli hata tone, kwa sababu yoyote ile.

Kuna hali moja ambayo sitakushauri uendelee. Mapovu yakitokea kwenye mwili wa tangi, si kwenye kiungo, huo ni ufa. Shaba iliyosuguliwa miaka mingi kwa dawa zenye amonia hupasuka hivyo, nyufa nyembamba kama unywele, na ukiziba hapa leo itafunguka pembeni kesho. Tangi la namna hiyo liweke kabatini kama kumbukumbu ya mzee wako.

Vinginevyo, ukishabadilisha vilivyochoka, tia mafuta robo tatu ya tangi, piga pampu njia ya nozeli ikiwa imezibwa, paka vumbi la chaki kwenye viungo vyote, uliache jiko baridi mpaka asubuhi. Chaki ikibaki nyeupe kavu, liwashe nje, ardhini, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Kaa nalo nusu saa nzima, maana kuna uvujaji unaojificha mpaka shaba ipate joto. Ukiona moto mahali pasipo pake, legeza skrubu ya upepo. Nguvu ikiisha tangini moto unakosa wa kuusukuma.

Niandikie mapovu yalitokea wapi. Pima pia upana wa mpira wa kifuniko, ndani na nje, nina kipande kizuri cha naitrili na nitakukatia viwili pamoja na vizibo vya vali.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote