Mtakatifu Agnes alikuwa mtoto wa miaka 12

Mhariri,

Kila ifikapo tarehe 21 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Agnes, bikira na mfiadini wa Roma aliyeuawa kwa ajili ya imani, mahubiri huelekezwa kwa mabinti: wawe safi kama yeye. Picha ya msichana mwenye mwanakondoo inagawiwa, basi. Naomba nafasi niseme kuhusu umri wake, maana ndio tunaoupita haraka.

Ambrosi, askofu wa Milano, aliandika habari zake mwaka 377. Anasema Agnes alikuwa na miaka 12, na hachoki kuutaja udogo huo. Mwili wenyewe haukuwa na mahali pa kupokea upanga. Pingu zilimpwaya mikononi. Watoto wa rika lake, anasema, hawastahimili hata uso wa mzazi aliyekasirika, na wakichomwa sindano hulia. Agnes alisimama macho makavu huku watu wote wakilia. Papa Damaso naye alimtungia shairi, likachongwa kwenye jiwe ambalo mpaka leo lipo katika kanisa lake, barabara ya Nomentana. Humo Agnes anatoka mapajani mwa yaya wake.

Masimulizi ya baadaye yakaongeza mwana wa mkuu wa mji, aliyemletea vito na ahadi za nyumba akataka amwoe, naye Agnes akakataa. Iwe ni hadithi au la, kwa sheria ya Kirumi kijana huyo hakuwa na kosa. Msichana wa miaka 12 aliruhusiwa kuolewa.

Hapo ndipo panaponiuma. Sheria yetu ya Ndoa hapa Tanzania, ya mwaka 1971, iliweka miaka 15 kwa msichana, wazazi wakiridhia, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Ni miaka mingi mno ya kumheshimu Agnes altareni na kuwapokelea posa wenzake nyumbani.

Nawasihi mapadre na makatekista: sikukuu ijayo semeni na wazazi kwanza, hasa sisi akina baba tunaokaa na washenga kupanga mahari. Tuelezwe waziwazi kwamba mtakatifu huyu ni mtoto aliyekataa kuozwa, na kwamba watu wazima waliomzunguka ndio waliopaswa kumlinda.

Baba wa mabinti,
Songea